Yusufu Alioa Kabla ya Kusamehe

Sehemu ya tatu ya mfululizo wetu kuhusu riwaya za mapenzi za Kikristo na historia ya mitaa ya Eastlands, Nairobi

Katika kitabu cha Mwanzo kuna hesabu ya miaka ambayo wahubiri wetu huipita mbio. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, akavishwa mkufu wa dhahabu, akapandishwa gari la kifalme, na katika shamrashamra hizo hizo akapewa mke, Asenathi binti Potifera, kuhani wa mji wa Oni. Ikafuata miaka saba ya shibe. Kabla njaa haijaingia wakazaliwa wana wawili, Manase na Efraimu. Ndugu zake walipokuja kununua nafaka, njaa ilikuwa imeshika nchi, na siku alipowatoa watu wote chumbani akaangua kilio na kujitambulisha, ulikuwa mwaka wa pili wa njaa. Ukijumlisha unapata mtu wa miaka 39 hivi, baba wa watoto wawili, mwenye nyumba iliyokwisha kutulia.

Alioa kwanza, basi. Msamaha ulikuja karibu miaka tisa baadaye.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu riwaya tunazozijadili katika mfululizo huu zimejengwa juu ya mpangilio wa kinyume chake. Wasomaji waliokuwa nasi tangu mwanzo watakumbuka tulivyoeleza namna vitabu hivi vinavyotufikia: vinatoka Marekani, vinapita mikononi mwa wamisheni na marafiki wa makanisa, vinaishia kwenye meza za vitabu baada ya ibada au chini kwenye lami, katika ile biashara tuliyozoea kuiita inama, kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama. Janette Oke, Mkanada, ndiye aliyefungua njia mwaka 1979 kwa kitabu chake Love Comes Softly, habari za mjane anayeolewa upya huko nyikani kwa sababu ya shida kabla ya kuolewa kwa sababu ya penzi. Francine Rivers akafuata mwaka 1991 na Redeeming Love. Nyuma yao limekuja jeshi zima la waandishi, na wengi wao wameshika kanuni moja. Msichana anasalitiwa na watu wa damu yake, awe baba, dada au mjomba aliyeachiwa kumlea. Anakwenda mbali. Huko anakutana na mwanamume mcha Mungu, mpole wa maneno, hodari wa kazi za mikono. Anampenda lakini hawezi kumkubali, maana moyo umeganda kwa uchungu. Halafu unafika usiku wa magoti: anamsamehe aliyemkosea, ambaye mara nyingi amekwisha kufa au yuko ng'ambo ya bara zima. Kesho yake moyo umeyeyuka na harusi inatangazwa. Penzi linakuwa ujira wa msamaha.

Sivikebehi. Mwandishi anayeweza kumfanya mama aliyetoka sokoni Muthurwa na mzigo wake asome kurasa 400 kwa taa ya simu ana ufundi wa kuheshimiwa. Na Rivers amefanya jambo ambalo nabii Hosea hakulifanya. Katika Biblia Hosea anamrudisha mkewe kwa shekeli 15 za fedha pamoja na kipimo cha shayiri, lakini Gomeri, mwanamke mwenyewe anayenunuliwa, hasemi neno hata moja. Rivers alimhamishia California ya 1850, wakati wa mbio za dhahabu, akampa utoto, akampa baba mwenye nyumba nyingine ambaye hakumtaka hata kumwona, na akatuonyesha kwamba kabla ya mwanamke huyo kuwa mkosaji alikuwa ameshakosewa na mtu wa kwanza aliyepaswa kumlinda. Hilo ni jambo kubwa. Ninachogombana nacho ni mahali msamaha unapofanyikia. Katika riwaya hizi unafanyikia kifuani mwa mtu mmoja. Msaliti hayupo, hahitajiki kusema wala kulipa chochote, na hakuna hofu ya kukutana naye kesho bombani akiteka maji.

Eastlands haijawahi kutoa nafasi ya namna hiyo. Hapa msaliti ni jirani.

Tuanze mbali kidogo, kabla ya vita vya Mau Mau. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika, na serikali ilipomaliza kubomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 ikajenga Shauri Moyo ili kuwapokea waliovunjiwa. Mji wa Nairobi ulikuwa umepangwa kwa ajili ya mwanamume asiye na mke: alipewa kazi, kipande shingoni na nafasi ya kitanda, kisha akitakiwa arudi kwao mkataba ukiisha. Wanawake walikuja hata hivyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, ameeleza namna wanawake wa Pangani na Pumwani walivyojinunulia na kujijengea nyumba za kupangisha, na baadhi yao wakawa na mali kuliko kaka zao waliobaki shambani. Wengi walikuwa wamekimbia kitu: mume wa kulazimishwa, baba aliyekula mahari mapema, shemeji aliyetaka kurithi mke wa marehemu.

Kuhusu huyo shemeji, iko sheria ambayo ingefaa kila mwandishi wa riwaya za Kikristo nchini Kenya aijue. Sheria ya ndoa na talaka za Wakristo Waafrika ya mwaka 1931 ilisema kwamba mwanamke aliyefungishwa ndoa chini yake, akifiwa na mumewe, anahesabiwa kuwa mtu mzima anayejitawala, wala halazimiki kukaa kinyumba na ndugu wa mumewe wala jamaa yake yeyote. Kwa mjane wa wakati ule, kifungu hicho kilikuwa mlango. Hakikumuuliza kama amewasamehe wakwe waliomnyang'anya ng'ombe na shamba, na aliruhusiwa kuondoka angali na hasira zake zote. Aliyeolewa tena, aliolewa nazo. Ruthu alimpata Boazi kwa sababu ndugu wa karibu zaidi alikataa wajibu wake mbele ya wazee langoni. Mjane wa Kikristo wa Kenya ya 1931 alikuwa na haki ya kumkataa yeye mwenyewe huyo ndugu wa karibu. Nimeshangaa kwa nini hakuna riwaya iliyojengwa juu ya kifungu hicho. Kina kila kitu: kanisa, ukoo, mahakama, safari ya garimoshi, na mwanamume mgeni katika mji mgeni.

Hata kabla ya hapo, pwani, jambo lenyewe, kuoana bila msamaha kutangulia, lilikuwa limekwisha kutokea kwa watu wengi. Freretown, kijiji cha wamisheni wa CMS karibu na Mombasa kilichoanzishwa miaka ya 1870, kilikusanya watu waliookolewa majahazini. James Mbotela alisimulia habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1934. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na wahakiki wamekishambulia vikali kwa sababu hiyo. Lakini ukikisoma kwa jicho la suala letu kina ushahidi wa pekee. Freretown ilijaa watu wasio na ukoo. Wapo waliotekwa vitani, na wapo walioingia utumwani kwa mikono ya watu wao wenyewe, kwa kuwa wakati wa njaa watoto waliwekwa rehani na jamaa zao na wengine hawakukombolewa kamwe. Watu hao waliposhuka pwani walifungishwa ndoa kanisani, wakazaa, wakaanzisha koo mpya. Waliowauza hawakuwaona tena. Angesamehewa nani, na wapi? Nyumba zilisimama bila swali hilo kujibiwa, na zikasimama imara kiasi kwamba wajukuu wa watu wale wakawa walimu na makarani. Sauti ya redio iliyotuuliza kwa miongo mingi kama huu ni ungwana, ya Leonard Mambo Mbotela, ilitoka katika ukoo huo.

Ukoo huo huo umeacha jina Eastlands. Nitalirudia baada ya kusimulia mwaka 1954.

Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, siku sita baada ya Pasaka, maelfu ya wanajeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi alfajiri na kuanza kupekua mtaa mmoja baada ya mwingine. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Waliotafutwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru walioshukiwa kuunga mkono Mau Mau. Wanaume walitolewa vyumbani, wakapangwa foleni, wakapitishwa mbele ya meza na magari ya wachujaji, na kabla mambo hayajaisha zaidi ya 20,000 walikuwa wamepelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani bila kesi. Wake na watoto walisukumwa kwenye malori na kurudishwa mashambani, ambako muda si mrefu walihamishiwa katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa handaki na kulindwa na homugadi, walinzi wenyeji wa serikali.

Katika foleni zile kulikuwa na mtu wa gunia. Wakikuyu walimwita gakunia. Alivikwa gunia kutoka kichwani, likiwa na matundu mawili ya macho, akaketi kimya huku watu wakipita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa upande mmoja, unakwenda nyumbani. Akitikisa upande mwingine, unakwenda Manyani. Mengi yameandikwa juu ya ukatili wa njia hii; jambo moja linasahauliwa, nalo ni la kawaida kabisa. Mtu wa gunia ilimlazimu akujue. Mgeni angewezaje kusema wewe ulikula kiapo cha Mau Mau au hukula? Alikuwa mwenzako wa chumba, mfanyakazi mwenzako, binamu yako, shemeji yako, mtu uliyegawana naye nafasi ya kitanda Bahati au Pumwani. Gunia lilikuwa la kuficha uso ambao ungeutambua mara moja. Na kwa kuwa uso ulifichwa, kila aliyerudi kutoka kizuizini alirudi na orodha ya watu anaowashuku, na orodha hiyo ilianzia nyumbani.

Huo ndio usaliti wa kifamilia wa Eastlands katika umbo lake la kihistoria, na sijui kama California ina kitu cha kuukaribia.

Wanaume walianza kurudi katikati ya miaka ya 1950, wengi zaidi kufikia Januari 1960 Hali ya Hatari ilipoondolewa. Kurudi kwenyewe kulikuwa na bei. Kizuizini mtu alitakiwa akiri kiapo mbele ya maafisa, na aliyekiri alisogezwa kambi moja karibu na nyumbani. Aliyekataa alisogezwa mbali. Sasa fikiria kijana aliyekiri kwa sababu moja tu, kwamba anataka kumwona mkewe. Amewavunja wenzake kwa ajili ya penzi. Anafika kijijini anakuta mkewe amezaa na homugadi.

Wengi watakuwa wamemtambua Gikonyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alimwandika mwaka 1967 katika A Grain of Wheat, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu kilichokaribia kuwa riwaya kuu ya msamaha na penzi jipya tuliyo nayo Kenya. Atatokea mtu kuuliza: Ngũgĩ anaingiaje katika mjadala wa riwaya za Kikristo, yeye aliyesimama mbele ya mkutano mkuu wa kanisa la Presbiteri mwezi Machi 1970 akasema waziwazi kwamba si mtu wa kanisa wala si Mkristo? Swali zuri. Inasemekana mzee mmoja mkutanoni alimtikisia bakora, na Ngũgĩ wakati ule alikuwa bado anaitwa James. Lakini msome Kihika, shujaa wa riwaya hiyo, na Biblia yake iliyopigiwa mistari. Msome Mugo anayekiri mbele ya umati kwamba ndiye aliyemsaliti shujaa wao. Mwandishi aliyelelewa na Biblia haachani nayo kwa hotuba moja.

Angalia anavyoshughulikia penzi. Gikonyo amelala hospitalini, na katika mawazo yake anachonga kigoda cha harusi ambacho hakuwahi kukimaliza. Uchungu umepungua. Yuko tayari. Katika riwaya za inama, hapa ndipo mke angemwangukia kifuani na kitabu kikafungwa. Mumbi, mkewe, hakubali. Anamwambia, kwa namna yake, kwamba yaliyotokea si mepesi ya kufunikwa hivi hivi. Itabidi wakae, wazungumze, wafunguliane mioyo, wayatazame wanayotaka ya kesho. Kisha anaondoka zake akamwangalie mtoto. Na mtoto huyo ni wa Karanja, yule homugadi. Msamaha wa Mumbi na Gikonyo hautangulii penzi wala haulifuati. Unafanyika ndani yake, kila siku, na mtoto wa mtu mwingine akila katika sahani zao.

Kulikuwa na kundi lingine lililofanya kazi hii kwa njia yake, na hawa walikuwa Wakristo wasio na shaka. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda uliingia Kenya mwaka 1937, ukafika mashambani na mitaani. Waliookoka walijulikana kwa salamu zao, kwa wimbo wao wa Kiganda, na kwa desturi iliyowaudhi wengi: katika ushirika mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina. Alitaja kwa nani, kiasi gani, wapi. Kisha alitakiwa arudishe. Kama Zakayo alivyofanya, aliyeiba jembe alilirudisha, aliyedhulumu mshahara wa mtumishi wake alimtafuta akamlipa, aliyezini alikwenda kukiri kwa mkewe. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kiapo na pia walikataa bunduki ya serikali, na wapo waliouawa kwa hilo. Hadi leo kanisa la PCEA la Bahati linabeba jina la mashahidi.

Tusiwatie nakshi. Ukweli uliosemwa hadharani ulivunja nyumba nyingine. Mume aliyetua mzigo wake wa uzinzi mbele ya watu aliutwika mke aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, naye akatazamiwa aimbe na wenzake. Kuna ukatili katika toba ya namna hiyo, na akina mama wa ushirika walikuwa wakiujua. Lakini ukiweka pembeni kasoro hiyo, watu wa Uamsho walielewa jambo ambalo riwaya za kisasa zimelipoteza, kwamba aliyekosa ana kazi ya kufanya. Kizuizini mtu alikiri ili afunguliwe, na serikali ndiyo iliyosikiliza. Ushirikani alikiri akijua kwamba kesho ataonekana njiani amebeba jembe la mtu.

Kwa hili wanalingana na Yusufu kuliko wanavyolingana na mashujaa wa vitabu vyetu. Yusufu hakusamehe kwa magoti ya usiku mmoja. Aliwaita ndugu zake wapelelezi, akawafunga siku tatu, akamzuia Simeoni, akadai aletewe Benyamini, akaficha kikombe cha fedha katika gunia la mdogo wao. (Magunia tena, lakini haya yalifichua.) Alitaka kujua kitu kimoja: wakipata nafasi ya kumtupa mwana mwingine wa Raheli, watamtupa? Ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, aliyejitolea kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo Yusufu alipolia mbele yao. Na hata baada ya machozi hayo kazi haikuisha. Yakobo aliishi Misri miaka 17 zaidi. Alipokufa, ndugu wakaanza kutetemeka upya wakisema sasa atatulipizia. Yusufu alikuwa na miaka 56 hivi, na walikuwa bado hawajamwamini.

Watoto wa chuoni pale Majengo wanayajua mengi ya haya kwa njia ya Sura ya 12 ya Kurani, na washairi wa pwani waliyatungia utenzi mrefu tangu zamani, kwa hiyo msomaji wa Pumwani hana haja ya kuwa Mkristo ili anifuate. Ila upande wa Asenathi unasimuliwa mahali pengine, na ni hazina. Kipo kitabu cha Kigiriki kiitwacho Yusufu na Asenathi, kilichoandikwa mahali fulani kati ya karne ya kwanza kabla ya Kristo na ya pili baada yake. Wataalamu wanabishana kama mtunzi alikuwa Myahudi au Mkristo. Waliokitunza na kukitafsiri ni Wakristo, kwa Kisiria, Kiarmenia na Kilatini. Nusu ya kwanza ni mapenzi matupu: binti wa kuhani anayedharau wanaume wote, anamwona Yusufu dirishani, anajuta, anafunga siku saba katika majivu, anaolewa. Nusu ya pili ndiyo yetu. Mwana wa Farao anamtaka Asenathi. Anawapata wasaidizi humo humo nyumbani, Dani na Gadi, ndugu wa Yusufu. Wanakubali kuuza tena! Njama inavunjika, Benyamini anamwangusha mwana wa Farao kwa jiwe, na ndugu wengine wanakuja na mapanga kuwamaliza wasaliti. Asenathi, aliyekuwa amelengwa na mtego huo, anawaficha Dani na Gadi katika matete na kumsihi Simeoni arudishe upanga. Lawi naye anamfunga jeraha mwana wa Farao badala ya kumwacha auawe.

Ukitaka riwaya ya kwanza ya mapenzi ya kihistoria yenye imani, usaliti wa kifamilia na msamaha, ndiyo hiyo. Na mtunzi wake wa kale hakumfanya bibi harusi kuwa zawadi ya mtu aliyekwisha kusamehe. Alimfanya msamehevu mwenyewe. Aliona lile ambalo kila mke wa Eastlands aliyeolewa katika familia yenye kesi ya urithi analijua: anayeingia mpya ndiye anayerithi ugomvi asioupanda, na mara nyingi ndiye pekee asiye na deni la zamani, anayeweza kusema basi.

Narudi kwenye majina. Novemba 1952 aliuawa Tom Mbotela, kiongozi wa Waafrika wa Nairobi aliyepinga Mau Mau, wa ukoo wa Freretown. Mwaka 1953 aliuawa diwani Ambrose Ofafa. Halmashauri ya mji ilipojenga mitaa mipya ikawapa majina yao: Mbotela, na Ofafa zile kadhaa, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na nyinginezo. Wakati huo kamati ya Carpenter ya 1954 ilikuwa imependekeza mfanyakazi Mwafrika alipwe mshahara wa kumtosha yeye na familia, si wa mtu mseja tena, na nyumba zikaanza kujengwa kwa hesabu ya mke na watoto. Ikaja Jerusalem. Baada ya uhuru, si mbali na hapo, tukapata mtaa wa Kimathi, jina la kiongozi wa Mau Mau. Kwa hiyo aliyeuawa kwa kuitwa msaliti, na aliyenyongwa kwa kuitwa gaidi, ni majirani. Watoto wa pande zote mbili wamecheza kabumbu uwanja mmoja, wakapanda basi moja la Barabara ya Jogoo, wakaoana. Hakuna aliyewaita kwanza kwenye kikao cha msamaha. Hakuna tume iliyokaa. Wapo watakaosema hilo lilikuwa kosa la kitaifa, nami ni mmoja wao. Lakini ndoa zilifungwa hivyo hivyo pale St. John's Pumwani na St. Stephen's, na hatuwezi kuzikana.

Kutokana na hayo, nina neno kwa wachungaji. Mjane au mwanamke aliyeachwa akija kutaka kufunga ndoa tena, mara nyingi huulizwa kwanza kama amewasamehe waliomtenda. Sheria ya ndoa ya 2014 haimuulizi. Inaangalia kama ndoa ya kwanza imekoma kihalali. Kanisa lina haki ya kuuliza zaidi ya serikali, sawa. Lakini likigeuza msamaha kuwa cheti cha kuingilia harusini, litapewa vyeti vya uongo. Mwanamke atasema nimesamehe kwa sababu kamati ya harusi imeshachanga na hema limelipiwa.

Na nina ombi kwa waandishi wetu. Jericho, mwaka 1962, tuseme. Mjane ana watoto wawili. Mumewe alichukuliwa kwenye foleni ya Anvil akafa kwa homa ya matumbo Manyani, kambi iliyokumbwa na ugonjwa huo mwaka ule ule wa 1954. Kaka yake mjane ni karani wa halmashauri, na ndiye aliyemtafutia chumba, na ndiye anayelipa karo ya watoto. Mjane ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kaka huyo ndiye aliyekuwa ndani ya gunia. Hajamuuliza. Sasa yuko fundi wa reli kutoka Makongeni, Mluhya, mwimbaji wa kwaya, anataka kumwoa. Kwa kanuni ya riwaya za inama, mjane atapiga magoti, atamsamehe kaka, kisha atamkubali fundi. Mimi ningemwandika akimkubali fundi kwanza, kwa furaha isiyo na kibali cha mtu. Ndipo taabu ianze. Baba yao alikwisha kufa. Kwa desturi ya kwao, wazee wa bwana harusi watakapokuja na mahari, atakayeketi kuipokea ni yule kaka, na fundi hajui kitu.

Juu ya mahari hiyo, na kama msaliti anaweza kuila, na maamuzi ambayo wazee na makanisa ya Nairobi wamewahi kuyatoa kuhusu mambo ya aina hiyo, tutaendelea wiki ijayo.